Mwaka wa Kunyonyoa Miti

Siku ya nne baada ya kumzika Mama Mkubwa, wakati wageni waliobaki walikuwa ni wale wasio na nauli na wale wasio na haraka, ndugu yangu Okello aliniuliza swali mbele ya watu. Tulikuwa sebuleni mwa marehemu, chumba ambacho nimekunywa chai ndani yake mara nyingi kuliko chumba changu mwenyewe. Viti ni vilevile vya mbao, vitambaa vya kufuma migongoni, na ile kabati ya vyombo ambayo vikombe vyake vya maua vilitoka kwa ajili ya mchungaji na vikarudi bila kuguswa na mtu mwingine. Okello ndiye mtoto wa kwanza wa Mama Mkubwa, mke wa kwanza wa baba yetu. Mimi ni wa mke wa pili. "Omondi," akasema, akitafuna kipande cha muhogo, "mwaka ule nilikuwa nikija wikendi nakukuta hapa mlangoni asubuhi, umeshika unyoya wa kuku. Nikimuuliza Mama, ananiambia nishughulike na ofisi yangu. Ulikuwa umeanza uganga?" Watu wakacheka, hata shangazi aliyekuwa bado analia akaacha kidogo ili asikie jibu. Nikasema nilikuwa nafuata chai. Nimejibu hivyo miaka yote na kila mtu huamini, kwa sababu ya jinsi nilivyo. Lakini nilipotoka nje kuchukua hewa, asubuhi zile zilinirudia moja moja.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na cheti cha kidato cha nne ambacho mama alikifunga kwenye mfuko wa nailoni kisinyeshewe, ingawa hakuna mtu aliyewahi kuomba kukiona. Wenzangu walikuwa Nairobi. Wengine walikuwa Mbita kwenye mitumbwi, na mmoja alifika hadi Muhuru Bay akaoa huko, akawa tajiri wa omena, wale dagaa wa ziwani. Mimi niliwahi kwenda Kisumu kutafuta kazi, nikakaa siku tatu, nikarudi kwa sababu maji yao yalikuwa na ladha ya bomba. Kijijini waliniita Mlinzi wa Sufuria. Nilikuwa na simba yangu, yaani kijumba cha kijana ambaye hajaoa, hatua arobaini kutoka jikoni kwa mama, na hata hizo nilizihesabu kuwa safari. Naitwa Omondi, jina la aliyezaliwa alfajiri, na tangu siku hiyo ya kuzaliwa sikuwa nimeiona alfajiri nyingine mpaka miti iliponilazimisha.

Kwetu ni juu ya Rongo, pale ambapo ukikosea njia ndani ya miwa unatoka Migori ukajikuta Homa Bay. Miwa ilikuwa imetuzunguka pande tatu hadi dirishani. Inakaa shambani mwaka na nusu kabla ya kukatwa, na katika muda huo nyumba nzima ya wakulima inanunua kitunguu. Sukuma wiki ilitoka Kisii kwa gari, na nyanya pia. Tufaha nililiona Homa Bay stendi tu, limebandikwa karatasi ndogo kama mtu aliyetoka kupiga kura, limesafiri kuliko mimi. Kipande pekee ambacho hakikuwa na miwa ni robo eka nyuma ya jiko la mama. Hapo ndipo nilipopanda miche kumi na minane ya matufaha, niliyoipata kwa Mama Boke, mama mmoja Mkuria mwenye kitalu karibu na Kehancha, kwa kubadilishana na mbuzi wangu wawili. Nilikutana naye kwenye semina ya kanisa Migori mjini, nilikokwenda kwa sababu nilisikia kuna pilau. Alisimama akatuuliza ni nani kati yetu aliyekula asubuhi hiyo kitu kilichotoka shambani kwake. Tukaangalia viatu.

Kosa langu nililifanya siku ileile ya kupanda. Bomani kwetu mbegu ya msimu hutolewa na mikayi, mke wa kwanza. Mama Mkubwa apande kwanza shambani kwake, kesho yake ndipo mama yangu apande. Mavuno ni hivyohivyo, na chakula kipya ni yeye anayekionja kwanza. Anayevunja mpangilio huo anaweza kupatwa na chira, ule ugonjwa wa kukonda bila sababu, yeye au mtoto wake. Hayo niliyajua. Lakini niliyajua kuhusu mtama na mahindi na maharagwe, nikajiambia, kwa ujasiri wa mtu aliyepata D katika Baiolojia, kwamba mche uliounganishwa ukiwa ndani ya mfuko si mbegu. Kwa hiyo sikumwambia mtu. Nilichimba mashimo, nikapanda yote kumi na minane kabla ya saa nne, nikaenda kulala.

Miaka miwili miti ikatoa majani. Majani mazuri, mengi, ya kijani, mbuzi wa jirani waliyasifu. Ua hata moja halikutoka. Mwezi wa nane wa mwaka ninaousimulia, Okello akaja kutoka Homa Bay na kutuita kwa chakula cha mchana kwa Mama Mkubwa. Ilikuwa samaki, ngege wa kukaanga, na nilipoona kile kipande kitamu cha kichwa kimewekwa upande wangu nikajua kuna habari mbaya. "Mama mdogo," alimwambia mama yangu kwa adabu, macho kwenye sahani, "ile robo eka nimeiandikisha pamoja na miwa mingine. Baada ya mwaka mpya trekta inakuja. Ile miti ya Omondi imepewa nafasi, haikuitumia." Mama alisema ndiyo. Baba hayupo, Okello ndiye mwenye boma. Mama angesema nini? Mimi nilifungua mdomo, nikaingiza ugali.

Jioni ya siku hiyo nilikuwa nimeketi nyuma ya ukuta wa jiko, mahali pangu pa kazi, nikasikia mama na jirani yake Min Atieno, yaani mama yake Atieno, wakibambua njugu.

"Miti kumi na minane," Min Atieno akasema, "na wote tasa. Umewahi kuona?"

"Sijaona."

"Mikayi aliipanda lini?"

Njugu zikaendelea kuanguka kwenye karai.

"Min Omondi. Nauliza, mikayi aliipanda lini?"

"Hakupanda."

"Uwi! Basi shukuru kwamba ni miti tu iliyokauka tumbo. Wewe unaendelea kula vizuri? Huyo mtoto je, anakula?"

"Huyo anakula," mama akasema, na hata kwa hofu yake nilisikia anavyochoka nami.

Kesho yake nikampigia Mama Boke. Nilimweleza yote, trekta na chira na majani. Akanyamaza, halafu akauliza, "Majani umeyanyonyoa?" Nikamwambia sielewi. "Ndugu yangu, huu mti kwao kuna baridi, baridi inaangusha majani, unalala, unaamka na maua. Hapa kwenu nani ataulaza? Ni wewe. Unamaliza majani yote kwa mkono, kama kuku wa Krismasi. Yote! Na maji unaupunguzia. Ndio unashtuka." Kisha akaniuliza kama ule mmoja wa aina nyingine, wa matunda ya manjano, bado upo. Nikasema upo, karibu na kichuguu. "Huo uchunge kama jicho. Hawa kumi na saba ni wanawake wa bwana mmoja. Bila maua yake, wao watatoa maua ya bure."

Sasa nilikuwa na dawa na sikuwa na mikono. Miti kumi na minane ya miaka miwili, majani yote, yamalizike kwa siku chache ili iamke pamoja. Nilimwomba mama. Akaficha mikono yake ndani ya leso kana kwamba naomba kuikata. "Sigusi mti ule mpaka mikayi aufungue. Hakuna mtu wa boma hili atakayeugusa." Nikasema nitaenda kumwomba. Mama akanitazama kutoka juu hadi chini, mtoto ambaye hutumwa kununua chumvi akarudi kesho. "Wewe?" akasema.

Chumba cha Mama Mkubwa kilikuwa na giza la mapazia mazito na harufu ya mafuta ya taa na mchaichai. Alinipa kigoda, si kiti. Nilieleza yote, nikakiri la kupanda kabla yake, na niliposema D ya Baiolojia nadhani mdomo wake ulisogea. Kuku aliingia, akatazama, akatoka. "Sikuwa ninangoja miti," akasema mwishowe. "Nilikuwa ninangoja uje hapa uketi hapo. Miaka miwili, hatua ngapi kutoka kwenu?" Nilizijua hesabu zake, sikuzitaja. "Nitafungua," akasema. "Lakini siwezi kufungua kitu ambacho sina. Mmoja uhamie kwangu, nipande kwa mkono wangu mbele ya nyumba yangu, ndipo ile mingine ifuate. Nitachagua mwenyewe." Akachukua fimbo, tukaenda. Macho yake yalikuwa yameanza ukungu, kwa hiyo alikuwa akipapasa mashina moja baada ya jingine, taratibu, na mimi nyuma yake nikihesabu. Akapita wa kwanza, wa tano, wa kumi. Akafika karibu na kichuguu. Akashika shina la ule wa manjano, akalipapasa chini mpaka juu, akasema, "Huyu."

Naandika jambo hili kwa sababu Okello hajui na sitaki lisemwe na mwingine. Usiku huo sikulala, na kulipopambazuka nilikwenda shambani na jembe nikachimba mwingine. Niliuchagua ule unaofanana naye zaidi, nikaufunga udongo kwa gunia, nikaubeba hadi mbele ya nyumba ya Mama Mkubwa ambako shimo lilikuwa tayari. Mama alikuwapo, na Min Atieno, ambaye hukosi kumwona penye shimo. Mama Mkubwa akainama na kushika shina. Mkono wake ukashuka hadi karibu na mizizi ukasimama. Ukapanda. Ukashuka tena.

"Huyu siye," akasema.

"Ndiye, Mama Mkubwa."

"Yule aliumwa na mbuzi hapa chini, ana kovu kama kidole. Huyu ngozi yake ni ya mtoto." Hakupaza sauti. "Omondi. Nani amekutuma?"

Mama yangu aligeuka akanitazama, na nilijua anachowaza: kwamba hili likisemwa nje, itasemwa kuwa ni yeye aliyenituma. Hapo ndipo nikasema ukweli, vibaya, kwa pupa, nikianzia mwisho. Kwamba ule wa manjano ni bwana wa hawa wote, ukifa kwa kuhamishwa hakuna tunda, na trekta itachukua shamba.

Mama Mkubwa akasikiliza hadi mwisho, kisha akamgeukia mama. "Nyieka," akasema, neno ambalo wake wenza huitana. "Umesikia mwanao? Alikuwa ananiletea mke mwenza mwingine, na bwana anakuachia wewe."

Min Atieno alicheka hadi akashika ukuta. Mama hakucheka. Akaniambia, bila kunitazama, "Urudishe huu kwenye shimo lake. Halafu kalete ule." Nikaanza kusema kitu kuhusu mizizi. "Kalete, Omondi."

Niliuchimba kwa saa tatu. Sijawahi kumchimbia mtu kaburi kwa uangalifu kama ule; nilikwenda mbali na shina, nikaacha udongo mwingi hata gunia likahitaji watu wawili, na bado nilisikia mzizi mmoja mkubwa ukikatika, sauti ambayo hadi leo nikivunja muhogo naikumbuka. Mama Mkubwa akaupanda, akaukanyagia udongo kwa visigino vyake, akanyonyoa jani la kwanza, akalitupa. "Haya," akasema, kama mtu anayefungua duka.

Siku nne boma zima lilinyonyoa. Mama upande mmoja, Min Atieno na binti zake upande mwingine, mimi nikiamka gizani na watu wakiniuliza kama naumwa. Tulipomaliza, robo eka ile ilikuwa ya kutisha, fito kumi na saba zimechomekwa ardhini, na mmoja mbele ya nyumba ya mikayi. Wapita njia walisimama. Mwalimu mmoja mstaafu alishuka kwenye boda boda ili atuombee. Wiki ya kwanza hakuna kitu. Wiki ya pili hakuna kitu, na mama akaanza kuniwekea chakula kidogo, nadhani ili tuzoee kukonda. Wiki ya tatu vijicho kwenye matawi ya kwetu vikavimba, vikawa vyekundu, na mwisho wa wiki ya nne ua la kwanza likafunguka, jeupe lenye haya ya waridi. Nikakimbia kumwita mama, mimi ambaye sikimbii. Kisha nikakimbia mbele ya nyumba ya Mama Mkubwa. Ule wa manjano ulikuwa fimbo kavu.

Sitaki kurefusha siku zile, lakini zenyewe zilijirefusha. Kila asubuhi maua yalizidi kwetu na kila jioni yale ya mwanzo yalianguka bila chochote, yametapakaa kama karatasi baada ya arusi ambayo bwana hakutokea. Nilikuwa nikichana gome la ule wa manjano kwa ukucha kuangalia kama chini kuna kijani. Siku moja Mama Mkubwa akanishika mkono. "Ukiendelea kumkwaruza utamuua kabla hajaamua." Yeye alikuwa akimpa maji ya kuoshea mchele, kikombe kimoja, akimwekea kivuli cha mwavuli wake wa kanisa mchana. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo kwa mtu.

Siku ya kumi na moja, nikiwa bado kitandani na nimeshaamua kwamba sitatoka tena, nikasikia fimbo mlangoni. "Mlinzi wa Sufuria! Njoo uone." Maua matano. Nikahesabu mara mbili, matano, na kwetu yalikuwa yamebaki maua ya mwishomwisho. Nyuki walikuwa wanapita juu juu kwenda kwenye mikaratusi, hawana habari na ndoa yetu. Nilimpigia Mama Boke, akaniambia nitafute unyoya laini wa kuku, niuguse ule unga wa manjano ndani ya ua la bwana, nipeleke kwa hawa wengine mmoja mmoja, asubuhi umande ukikauka.

Hivyo ndivyo nilivyopiga hodi kwa mikayi kila asubuhi kwa muda wa wiki mbili. Sikuruhusiwa kugusa ua kabla ya kuingia ndani na kunywa chai, na chai yenyewe ilikuwa na masharti: niseme nimeota nini, nani anaumwa, mama amepika nini. Mara ya tatu alinitolea kikombe cha maua kutoka kabatini. Nilikishika kwa mikono miwili, unyoya nimeubana sikioni kama kalamu ya fundi, huku nje jua linapanda na mimi najua kila dakika ya mazungumzo ni ua moja linaloanguka kwetu. "Mbona unatetemeka?" akaniuliza. Nikasema chai ni moto. "Mama yako pia hutetemeka akija hapa," akasema. "Miaka ishirini na sita. Sijui mmeambiwa ninauma." Kesho yake nilimwambia mama maneno hayo. Alikuwa anachambua mnavu. Asubuhi iliyofuata nilipokwenda na unyoya wangu nilimkuta amefika kabla yangu, ameketi kwenye kiti, si kigoda, na hakuna hata mmoja wao aliyenikaribisha.

Matunda yalishika. Mengi yakaanguka yakiwa kama njegere, na kila lililoanguka nililizika, naomba msinicheke. Mwaka mpya ulipofika yalikuwa yamebaki thelathini na moja, kijani, magumu kama magoti. Mama Boke alisema bado wiki tatu. Trekta ikaja Jumamosi ya kwanza.

Niliisikia tangu barabarani. Okello alikuwa anatembea mbele yake na gambuti mpya, akionyesha njia kati ya miwa. Mama akachukua jembe akasimama mwisho wa shamba. Sijui alikusudia kulifanyia nini. Okello akaangalia miti, akainua tunda moja kwa kidole bila kulichuma. "Haya ni nini? Mapera?"

"Matufaha. Bado wiki tatu, ndugu yangu."

"Hii trekta ikitoka hapa inaenda Ndhiwa. Hairudi mpaka msimu uishe." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniogopesha. "Nilikupa nafasi, Omondi. Nimeshaahidi watu." Akampungia dereva mkono. Injini ikaunguruma, magurudumu yakapanda tuta la kwanza.

Mama Mkubwa alitokea upande wa jiko, taratibu, na ndara zake za nyumbani. Hakutazama trekta. Alinijia mimi. "Yameiva?"

Ulimi wangu ulikuwa tayari kusema ndiyo. "Bado, Mama Mkubwa," nikasema.

"Lililokaribia ni lipi?"

Nikamwonyesha. Akalipapasa, akalichuma mwenyewe, akalifuta kwenye leso. Jana yake lilianguka moja, mbuzi wa jirani akalionja, akalitema na kuondoka akitikisa kichwa. Niliwaza nimwambie. Akauma. Ule mlio ulisikika juu ya injini. Akatafuna akitazama mbele, na uso ule alioutumia kanisani wakati wa matangazo, akameza, akauma tena. Okello aliacha mkono wake hewani. Alilila lote, mpaka kikonyo, akaweka kikonyo mfukoni.

"Mavuno nimeyafungua," akasema. "Nyieka, na wewe uonje, uchukue kikapu." Kisha akamwelekea mwanawe. "Okello, katika boma hili, ni nani hulima shamba ambalo mavuno yake yameanza na hayajaisha?"

Okello akamtazama dereva kama mtu anayetafuta shahidi. Dereva alikuwa ameshazima injini. "Bwana, mimi huko siingii," akasema. "Nina watoto." Akarudi kinyumenyume hadi barabarani, vizuri kabisa, bila kugusa mti hata mmoja.

Mama Mkubwa akanishika mkono, vidole vikaingia nyamani. "Nipeleke nyumbani," akanong'ona. "Polepole, wasione." Tukatembea kama watu wanaotoka ibadani. Mlango ulipofungwa akaketi, akafumba macho, machozi yakamtiririka hadi kidevuni, akanyoosha mkono bila kusema. Nikamletea maji. Akanywa vikombe vitatu mfululizo, akapumua, akajigusa meno moja moja kwa ulimi kuona kama bado yapo.

"Wiki tatu, umesema?"

"Wiki tatu, Mama."

"Yakibaki hivi," akasema, "hiyo trekta nitaiendesha mimi."